Taa tatu, si mianga mitatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Sinza, najifunza kutengeneza picha za nyumba kwa kompyuta, zile za 3D. Anayetufundisha husema "weka mianga mitatu" na "zima mwanga wa nyuma". Je, ni sahihi? Na "kurenda", yaani kuiachia kompyuta ikokotoe picha ya mwisho, ni Kiswahili?

JIBU: Marahaba. Si sahihi, na umenigusa penye kidonda. Nyumbani kwenu hakuna mtoto anayesema "washa mwanga". Atasema "washa taa". Mtoto huyo huyo akikua, akaketi mbele ya kompyuta, anaanza kuwasha mwanga, kwa kuwa programu zimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja kwa vyote viwili. Sisi tunayo mawili. Kwa nini tutupe moja?

Taa ni chanzo. Mwanga ndio unaotoka humo. Taa unaihesabu, unaihamisha, unaizima. Mwanga ukishatoka, umetoka. Simama uchochoroni Kariakoo saa nane mchana: jua halikufikii, lakini gazeti unasoma, kwa sababu mwanga umedunda ukuta hadi ukuta mpaka ukakufikia. Taa yake iko wapi? Nani atauzima? Mwaka 1986 James Kajiya, mtafiti wa picha za kompyuta, aliandika mlinganyo ambao programu nyingi za kurenda zinauegemea hadi leo, nao unatenganisha mambo hayo hayo: mwanga ambao kitu kinautoa chenyewe, na ule kinaouakisi kutoka kila upande.

Kinachonikera zaidi ni "mwanga mkubwa". Ukubwa ni wa taa, ukali ni wa mwanga! Taa kubwa iliyo karibu hulainisha kingo za kivuli. Taa ndogo huzikata kama wembe, hata mwanga wake ukiwa hafifu. Mteja akikuagiza "mwanga mkubwa", utabadilisha kipimo kipi? Utarenda usiku kucha, asubuhi akwambie sicho alichotaka. Tena, taa ndogo ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Taa ni ile ile na ukubwa wake ule ule. Kilichofifia ni mwanga.

Basi sema taa kuu, taa ya kujazia, taa ya nyuma. Hizo ni taa tatu, na "mianga mitatu" ifutwe ubaoni. "Nuru", tuliyoipata kwa Waarabu, tuwaachie washairi na wahubiri. "Kurenda" nimeshalizoea: linanyambulika vizuri, rendea, rendwa, rendesha, na sijaona neno lililolishinda. Litumie.