Punda mzee: pasua mavi kabla ya kuhesabu miaka

Swali la wiki lilikuwa hili: punda wa kazi abadilishiwe chakula akifika umri gani? Kwa mtazamo wangu, umri si kipimo. Punda aliyetunzwa vizuri anaweza kuvuka miaka 30, wakati mwenzake wa miaka 15 magego yamekwisha. Kinachoamua ni meno, na kwa sisi wa Tabora kuna jambo la pili: mwezi wa mwaka.

Anza na mavi. Chukua donge moja, lipasue kwa kijiti. Meno yakiwa sawa utakuta nyuzi fupi zilizosagika. Ukikuta vipande virefu vya nyasi au punje nzima za mahindi, kinywa kimeshindwa kazi. Halafu kagua pale anapolia chakula: kuna vitonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu, vimejisokota kama sigara, vimetemwa? Punda huyo hata umwongezee gunia zima atakonda tu, maana chakula hakisagiki.

Mwili wake usiuamini kwa macho. Tumbo la nyasi hutuna hata kwa punda aliyekonda, na mafuta ya shingoni hubaki pale pale hata mgongo ukiisha nyama. Mpapase uti wa mgongo, mbavu na nyonga kwa vidole. Zungusha kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, piga fundo zinapokutana ncha, uitunze. Mwezi ujao ipime tena; fundo likipita lilipokuwa, amepungua.

Kabla ya kununua chochote, mwite daktari wa mifugo amtazame kinywa. Magego ya punda huota ncha kali pembeni zinazochana mashavu na ulimi, na tupa ya daktari huziondoa. Mwambie pia kuhusu minyoo. Wengi hunenepa tena kwa hayo mawili peke yake, na mimi nachukia kuona mtu akimaliza fedha kwenye pumba wakati mnyama ana kidonda shavuni.

Magego yakiwa yamekwisha kabisa, badilisha umbo la chakula kwanza. Katakata nyasi kavu zisizidi sentimita 2. Majani makavu ya karanga yaponde ndani ya gunia kwa fimbo, uchanganye fungu moja kwa mafungu mawili ya nyasi. Punda wa kilo 150 anahitaji kama kilo 2 na nusu za mchanganyiko huo kwa siku. Aliyekonda mwachie ale hadi atosheke. Loweka kwa maji nusu saa. Pumba kavu usimpe kamwe: hukwama kooni, ukaona ute na chakula vikimtoka puani.

Akiendelea kukonda ndipo uongeze pumba ya mahindi. Anza na kikombe kimoja cha chai kwa siku, uongeze taratibu kwa wiki mbili, usivuke nusu kilo, na igawe mara tatu. Vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyasi vinahitaji muda kuzoea. Pumba nyingi ya ghafla huleta msokoto wa tumbo na uvimbe wa kwato ambao humfanya ashindwe kusimama. Punda mzee ambaye bado ana nyama hahitaji pumba hata kidogo.

Sasa huo mwezi. Wakati wa masika nyasi ni laini, hata mwenye meno mabovu hujimudu, kwa hiyo tatizo hujificha. Nyasi zinapokauka ndipo anaporomoka, na ukishtuka mwezi wa tisa umechelewa. Fanya ukaguzi Aprili au Mei, karanga zikivunwa, ili majani yake uyaanike na kuyahifadhi juu ya uchanja badala ya kuyachoma shambani.

Mahindi au majani yenye ukungu yatupe. Ukungu wa mahindi huharibu ubongo wa punda na kumuua. Mabua ya tumbaku yasikae karibu naye, ni sumu.

Akisusa chakula siku nzima, usingoje kesho. Punda haoneshi maumivu mapema, na asipokula, mafuta ya mwilini humwagikia kwenye damu yakaziba ini na figo. Mpigie daktari jioni hiyo hiyo, na huku ukimsubiri mpe majani mabichi laini kwa mkono.