Dar–Mwanza kwa ndege: km ni 850 hivi, ila muda usiupigie hesabu kwa km

Mkuu, umeuliza Dar mpaka Mwanza kwa ndege ni kilomita ngapi na bimkubwa atatumia muda gani, maana mmoja kakwambia saa moja na nusu, mwingine mawili, mwingine karibu matatu. Wote wanaweza kuwa sahihi. Hiyo njia naipita sana kwa ajili ya biashara, ngoja nikufafanulie.

Angani ni kama km 850. Barabara ya Dodoma, Singida, Shinyanga inavuka 1,100, ndo maana basi linakula kutwa nzima na usiku juu.

Sasa jeti kama Airbus A220 ikishakaa sawa huko juu inatembea 800 na ushee kwa saa, kwaiyo ukipiga kikokotoo unapata lisaa na chenji, lakini tiketi inaandika saa moja na nusu hivi. Muda wa tiketi unahesabiwa toka ndege inapoachia maegesho pale JNIA, uwanja wa Dar, mpaka inaposimama kule, na humo ndani kuna kutambaa hadi mwanzo wa ranwei, kupisha anayetua, kupanda, na kule mwisho kushuka mdogomdogo. Angalia Dar–Zanzibar, ni km 70 na kitu tu lakini ndege inatumia kama dakika 20, mle mna kupanda na kushuka tu, hata mkanda hujafungua.

Ikiwa ni pangaboi, zile Q400 watu wanaita Bombadia, mwendo wake ni 600 na kitu, weka karibu masaa mawili. Wengi wanaziogopa bure eti kwa sababu ya mapanga, mi naona ziko poa tu, ila kelele ipo, bimkubwa mtafutie siti za nyuma mbali na injini.

Wale wa masaa matatu wamepitia KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa, maana Dar–KIA ni km 450 hivi na KIA–Mwanza 470 hivi, jumla 920, yaani imezidi km 70 tu! Sasa lisaa zima la ziada linatoka wapi? Linatoka chini. Ndege itue, iegeshwe, watu washuke na mabegi yao, wengine wapande, milango ifungwe, ndo ianze tena kupanda upya. Kwaiyo kabla hujalipa angalia kama tiketi inasema moja kwa moja au kuna kituo, na akipitia KIA mwambie mapema asije akashuka na wale wa Moshi, kuna mama mmoja nilikaa naye alishasimama na kikapu chake mkononi anauliza mbona ziwa halionekani.

Kingine, saa za tiketi ni za kizungu, 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi sio saa sita. Mnatokea upande wa Kimara au Mbezi? Kwa ndege ya asubuhi tokeni usiku usiku, kaunta wanafunga kabla ya muda wa kuondoka na hawasikilizi habari za foleni.

Wa kumpokea Mwanza aangalie muda wa kutua ulioandikwa, halafu aongeze nusu saa kama bimkubwa ana begi la chini, lile linalokaa kwenye buti la ndege. Na asitoke nyumbani kabla hajakupigia wewe kuhakikisha ndege imeruka kweli huku Dar.