Ukiamka angalia tena

Buda, umesema kwa kernel yako (ile kiini ya mfumo wa kompyuta) data ya faili moja inaingia kwa ingine kazi ikiwa mob, na unashuku spinloki, ile loki thredi inaingoja ikizunguka bila kulala. Spinloki yako iko poa, shida ni vile thredi (kazi moja kati ya zile zinaenda pamoja) inalala ikingoja bafa, ile nafasi ya memori inashika kopi ya bloku, yaani kipande cha diski. Huwezi lala na spinloki, so unaiachilia, na hapo katikati thredi ingine inachukua ile bafa inaipatia bloku ingine ya diski, wewe ukiamka unaandika juu ya data ya wenyewe. Kwa kodi, ile if ya kungoja bafa ifanye while, icheki kila ukiamka: shika loki tena, cheki namba ya diski na ya bloku, kama si zako anza kutafuta bafa upya. Hesabu ya wanaotumia hiyo bafa iongeze ukiwa bado umeshika loki. Na printk, zile laini za kuchapisha ujumbe wa kernel, toa, inachelewesha tu vitu kidogo bagi (kosa la kodi) inajificha.