Alipokea blanketi mara mbili

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kanisa litangaze misaada linayowapa wahitaji, au litoe kimyakimya?" Mimi ni katibu wa kamati ya huduma kanisani kwetu, huu mwaka wa tisa, na jibu lililonijia mdomoni lilikuwa hapana. Lisitangaze. Mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, Mathayo 6:3, basi, tugeuze ukurasa.

Ila mtaniwia radhi, maana kinachonikera mimi si tangazo. Ni picha.

Siku ya kugawa mnaijua ilivyo. Vifurushi vimepangwa mbele na kufunikwa kitambaa cheupe, utadhani ni meza ya Bwana. Mzee wa kanisa anasoma majina kwa kipaza sauti, mpiga picha amechuchumaa. Mwaka wangu wa pili wa ukatibu orodha niliiandaa mimi, nikaichapa vizuri, nikaitia na namba. Namba 14 alikuwa mama mmoja aliyefiwa na mumewe mwaka huohuo. Alikaa benchi la mwisho. Binti yake, wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa mbele na kwaya ya watoto, mstari wa pili, karibu kabisa na vile vifurushi.

Jina likasomwa. Hakuinuka. Likasomwa tena, safari hii na jina la marehemu mume wake, na watu wakaanza kugeuza shingo. Akainuka, akaja, akapokea blanketi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akageuka kurudi. Hapo mpiga picha akainua kidole: "Samahani mama, umefumba macho. Turudie." Na sisi tukarudia! Mzee akalitwaa lile blanketi mikononi mwake, akampa upya. Kuna mtu alicheka, wala si kwa ubaya. Mimi nilikuwa na kalamu, nikatia alama ya vema kwenye namba 14. Nilipoinua macho nikamwona binti. Alikuwa anaimba na wenzake, ila kitabu cha nyimbo amekiinua mpaka kimemfunika uso, na wimbo wenyewe ule watoto wote wanaujua bila kitabu.

Wiki mbili baadaye nilimtembelea. Nikauliza, kikatibu, kama msaada ulifaa. "Umefaa sana, mama katibu. Blanketi ni zito, zuri. Ila mwanangu halitaki, anasema anasikia joto." Ilikuwa miezi ya baridi.

Usiku ule niliisoma Kumbukumbu la Torati 24, mahali ambapo aliyemkopesha mwenzake anakatazwa kuingia nyumbani kwake kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Yaani hata anayekudai hana ruhusa ya kuvuka kizingiti chako, na sisi tuliokuwa tunatoa bure tulimvuta mtu hadi mbele ya madhabahu na kumwambia afumbue macho.

Nikapeleka hoja kwenye kamati, nikashinda. Tukaacha kusoma majina, tukaacha picha, tukaacha hata kutangaza. Tukaanza kwenda majumbani wawili wawili, jioni, kama walivyofanya wale wanafunzi wa Paris waliokuwa na Frédéric Ozanam mwaka 1833, yeye mwenyewe akiwa na miaka 20 tu, walipoanzisha chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo. Nilijisikia vizuri. Pengine nilijisikia vizuri kupita kiasi.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, lakini nikisema niishie hapo nitakuwa nimewadanganya. Miaka mitatu ya kutoa kimya, misaada yetu ilizunguka kwenye nyumba zilezile. Haikuwa wizi. Ni kwamba tulienda kwa tuliowajua, na tuliowajua ni majirani na ndugu wa wanakamati. Mzee mmoja anayefagia uwanja wa kanisa kila Jumamosi alifikia kuuza kitanda chake, na nilipomuuliza kwa nini hakutuona alinijibu bila hasira: "Nilidhani mliacha, mwanangu. Sijasikia mkitangaza." Uwanja aliokuwa anaufagia uko mlangoni kwa ofisi yangu.

Kimya kilikuwa kimetulinda sisi. Hakuna aliyeweza kuuliza mbona fulani amepata na fulani hakupata, kwa kuwa hakuna aliyejua. Nikarudi kwenye Matendo 6. Wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku wangebaki wamesahauliwa kama watu wasingenung'unika kwa sauti. Wakachaguliwa wanaume saba mbele ya mkutano wote, na majina yao tunayo hadi leo: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Wajane je? Hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Wagawaji ndio walioandikwa ili waulizwe.

Na Yesu huyohuyo wa mkono wa kushoto alishasema, sura moja tu nyuma, kwamba nuru yetu iangaze watu wayaone matendo mema. Wachungaji wana namna zao za kuyapatanisha hayo mawili. Mimi ni katibu tu.

Kwa hiyo jibu langu, baada ya yote haya, ni ndiyo. Litangaze. Litangaze kitakachofanyika, lini, aonwe nani, na kilichokusanywa ni kiasi gani na kimekwenda wapi. Majina ya wanaopokea, hapana. Picha, hapana, ingawa nakiri ile picha ya paa lililobomoka la bibi mmoja ilituletea mafundi watatu ambao tangazo la mdomo halikuwaleta. Lakini lilikuwa paa, halikuwa uso. Na kama mtu mwenyewe anataka kusimama atoe ushuhuda, nani amnyamazishe? Asiombwe tu na yule aliyemsaidia.

Jumapili hii nina matangazo matatu: kukusanya nguo na mablanketi, kuwatembelea wagonjwa Jumamosi inayofuata, na siku ya kuchangia damu mwishoni mwa mwezi. Chini ya kila moja nimeandika jina la wa kuulizwa, na kwenye mablanketi nimejiandika mimi. Anayeona haya kuja ofisini anitumie mtoto na karatasi. Nikiwa sipo, aipitishe chini ya mlango. Yule mzee wa ufagio anajua pa kuiweka.