Muulize Karani Mstaafu: Mafia walianzia wapi?

SWALI: Shikamoo babu. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi. Mmoja anasema mafia wa Italia, yale magenge ya wahalifu, walianzia mjini, kwenye makasino. Mwingine anaapa jina wamelitoa kwenye kisiwa chetu cha Mafia. Nani kapatia?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Wote wamekosa, na huyo wa kisiwa kakosa zaidi. Kisiwa kiliitwa hivyo tangu enzi za masultani wa Kilwa, wakati neno la huko Sicilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, tunalikuta kwenye nyaraka za serikali ya Italia mwaka 1865. Majina yamefanana tu.

Kasino nazo hazikuwepo. Yalikuwepo malimau. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kuwapa mabaharia wake maji ya limau mwaka 1795, wasiugue kiseyeye. Soko likapanda, mashamba ya pembezoni mwa Palermo, mji mkuu wa Sicilia, yakawa na hela. Sasa mlimau unataka maji kiangazi kizima. Mtu akikuzibia mfereji, jasho lako la miaka limekauka. Na serikali ya Italia iliyoingia Sicilia 1860 ilikuwa ngeni. Polisi wake hawakuaminika vijijini. Hapo ndipo mlinzi wa shamba alipogeuka bosi, na mafia wakapata pa kuanzia.

Daktari mmoja wa upasuaji, Gaspare Galati, alikabidhiwa shamba la urithi mwaka 1872. Akalikuta na mlinzi, Benedetto Carollo, aliyekuwa akijimegea asilimia 20 hadi 25 ya bei ya malimau. Hata makaa ya mawe ya pampu ya mvuke aliiba! Daktari akamfukuza, akaweka mwingine. Julai 1874 huyo mwingine akapigwa risasi, akafa. Barua za vitisho zikafuata, polisi wakazubaa, na mwaka 1875 Galati akachukua familia yake akakimbilia Napoli. Shamba likabaki.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kicheko kichungu. Kabla sijawa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, marehemu baba alikuwa na mikorosho upande wa Tandahimba. Msimu mmoja vijana wawili walikuja kuomba ulinzi, akawakatalia. Siku ya tatu asubuhi tukakuta mabibo yametapakaa chini, mekundu na ya njano, kila moja limenyongolewa korosho yake. Nyuki wanajilia. Jioni wale vijana wakarudi kutoa pole: “Mzee, si tulikuambia hapa pana wezi?”

Wengine mtaniuliza, na kangomba je? Kwangu mimi kangomba ni dhuluma ya namna nyingine. Yule mnunuzi wa kangomba anakuvizia una njaa mwezi wa sita, anakupa hela kiduchu kwa korosho ambazo hata hazijatoa maua, msimu ukifika anakuja na kopo lake. Anakula shida aliyoikuta. Carollo na wale vijana wetu shida waliitengeneza wenyewe, kisha wakakuuzia dawa yake.

Baba aliwaajiri. Malipo debe moja kila Jumamosi, na wizi ukakoma usiku uleule. Debe la kwanza alilijaza mwenyewe, akalitikisa likashuka, akaongeza tena mpaka likafura. Akawaambia, “Ahsanteni kwa ulinzi,” akaingia ndani, na chakula cha usiku hakukigusa.