Nilimpenda kwa Maneno ya Watu Wengine

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, naomba misemo mitatu mikali ya kuondoa woga. Kuna mtu nampenda, kumwambia nashindwa." Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka, maana ombi hilo ningeweza kuliandika mimi mwenyewe miaka 6 iliyopita.

Niruhusuni nijisifu kidogo. Kwa misemo, mimi sibahatishi. Nina kaunta buku nililoanza kulijaza nikiwa shuleni, jalada sasa linashikiliwa na gundi ya karatasi, na ndani mna misemo zaidi ya 900: kurasa za woga, kurasa za mapenzi, kurasa za tabia za watu. Harusi ikikaribia, natafutwa mimi. Mtu akiachwa, natafutwa mimi.

Sasa ikafika zamu yangu. Nilimpenda mtu tuliyekuwa tukifanya kazi naye chumba kimoja, na kila asubuhi nikawa namtumia msemo kwenye simu. Leo "mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika", kesho "ukipenda boga, penda na ua lake". Miezi 8! Nilidhani najieleza. Naye alijibu kwa kidole gumba, na siku moja moja kwa moyo mdogo mwekundu ambao niliukodolea macho mpaka kioo kikazima.

Asubuhi moja nikamtumia ule wa Seneca, kwamba mara nyingi tunateswa na mawazo yetu kuliko na jambo lenyewe. Pale juu pakaonyesha anaandika. Pakaacha. Pakaonyesha tena. Nimesimama jikoni, maji yanachemka hadi yanamwagika, siwezi hata kunyoosha mkono kuzima. Hatimaye likaja: "Hii umeandika wewe?"

Nami, kwa fahari ya kijinga: "Hapana, ni ya Seneca, Mroma wa karne ya kwanza."

"Sawa."

Herufi 4 tu. Mwaka uliofuata alinijia na bahasha mkononi, akaniomba nimchagulie msemo wa kuweka kwenye kadi yake ya harusi. Nikamchagulia. Na nilichagua vizuri, hilo nalisema bila haya.

Basi nikushauri nini? Kwanza, ujue msemo ulimtoka nani, na alikuwa anafanya nini. Wengi tunalikariri neno la Roosevelt kwamba kitu pekee cha kuogopa ni woga wenyewe. Alilisema tarehe 4 Machi 1933, siku alipoapishwa kuwa rais wa Marekani, watu wakiwa wamekimbilia benki kutoa akiba zao na benki nyingi zimeshafunga milango. Tarehe 6 akaagiza benki zote zisimamishe shughuli, tarehe 9 sheria ikapitishwa Bungeni, tarehe 13 zikaanza kufunguliwa tena na watu wakarudisha fedha zao. Lile neno lilikuwa na kazi nyuma yake. La kwangu nyuma yake lilikuwa na msemo mwingine wa kesho asubuhi.

Au chukua ule wa Terence, mtunzi wa tamthilia wa Roma ya kale, "mimi ni binadamu, hakuna jambo la kibinadamu lisilonihusu." Nilikuwa nimeuandika kwa wino mwekundu, nikiuona kama kilele cha hekima. Baadaye sana nikagundua kuwa katika ile tamthilia yake ya vichekesho, ya mwaka 163 kabla ya Kristo, anayeusema ni jirani mmbea aliyeulizwa kwa nini anaingilia yasiyomhusu! Nilijisikia nimeibiwa. Lakini nadhani sasa naupenda zaidi, maana binadamu ndivyo tulivyo: hata udaku tunauvisha joho.

Na hapo ndipo kidonda changu kilipo. Misemo haituambii la kufanya. Sisi ndio tunaoichagua ituambie tunachotaka. Katika ile miezi 8 nilikuwa shabiki mkubwa wa "haraka haraka haina baraka." Siku nilipofungua tena lile buku, nikakuta "ngoja ngoja huumiza matumbo" uko ukurasa uleule, mistari mitatu chini, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilikuwa nikiuruka. Nilijifariji pia kwa "kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Labda vitani. Kwangu mimi mwoga, kilio kilikuja mlangoni na bahasha.

Ndugu zangu, tuache kujificha nyuma ya wahenga. Mhenga hatakusindikiza. Ukiwa na woga, sema una woga. Ukipenda, sema unapenda, hata kama sentensi yako imekaa upande. Mtu anayekupenda hataisahihisha. Si tunasema akipenda, chongo huita kengeza? (Naam, nimeutumia tena. Ugonjwa hautoki siku moja.)

Yule msomaji sikumpa misemo mitatu. Nilifuta mara nne nilichokuwa nimeandika, kisha nikamtumia hiki: "Mwambie hivi: nakupenda, na ninaogopa."

Dakika mbili hazikupita, akajibu: "Kali sana kaka! Hiyo ni ya nani?"