Umelipa Hela Ukalale Kwenye Hema?

Swali hilo aliniuliza shangazi yangu pale Msamvu, Morogoro, siku ya kumi na mbili ya safari. Lori letu lilisimama kujaza mafuta, naye alikuwa amekuja na chane mbili za ndizi mbivu kwa ajili ya "hao wageni wako". Nikamwamkia, akaitikia, kisha akalizunguka lori taratibu kama anayekagua ng'ombe mnadani. Akayatazama mahema, akayatazama masufuria yenye masizi, akamtazama mzee wa Kijerumani aliyeinamia beseni anaosha vikombe. "Na huyu naye amelipa?" Nikamwambia amelipa, tena kunishinda mimi. Shangazi alicheka mpaka akajishika kiuno.

Kwa asiyezijua safari hizi: ni lori kubwa lililowekwa viti na madirisha. Ubavuni kuna milango ambayo ukiifungua unakuta jiko zima, na chini kuna makabati ya mahema. Abiria tulikuwa kumi na mmoja, mbali na dereva na kiongozi wa msafara. Tulianzia Nairobi tukaishia Livingstone, Zambia, siku 22, mwezi wa saba. Mwafrika kati ya abiria nilikuwa mimi peke yangu. Wenzangu wa huku nyumbani wanaonipigia simu kutaka kwenda huniuliza habari za simba. Simba utawaona. Mengine ndiyo hakuna anayeyasema.

La kwanza ni bei. Kabla hujalipa, uliza kama umepigiwa hesabu ya mgeni au ya mwananchi. Hifadhi zetu zina viwango tofauti: raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazotoa mgeni. Kampuni nyingi zinauza safari kwa bei moja iliyokwisha kujumlisha viingilio vya kigeni. Mimi niliandika barua pepe tatu ndipo nikapunguziwa. Kitambulisho cha taifa beba chenyewe, usitegemee picha iliyo kwenye simu.

La pili lilinigharimu zaidi ya hela. Kuanzia Namanga mpaka Mbeya nilikuwa mkalimani, na hakuna aliyeniajiri. Sokoni Arusha nikawapatania bei za vinyago. Forodhani nikaeleza urojo una nini ndani, mara nane. Kufika siku ya tano naamshwa hemani nikamuulize mlinzi maji ya moto yanatoka saa ngapi. Kambi moja dada wa mapokezi alinisogezea kitabu nisaini: "Wageni wako wangapi leo, dada?" Nikamwambia mimi ndiye mgeni. Akatabasamu kama mtu aliyesikia utani, akaniachia kalamu.

Kosa lilikuwa langu pia. Sisi tumelelewa kwamba mgeni akikwama kwenu, aibu ni yako. Lakini nilikuwa nimechukua likizo, na likizo yenyewe ilikuwa inaisha nikiwa kazini. Baada ya Zanzibar nikaacha kuwasemea, nikaanza kuwafundisha: bei gani, punguza kidogo, choo kiko wapi. Neno walilolipenda kuliko yote ni kuchimba dawa. Tulipokaribia Mikumi lori zima likawa linapiga kelele "Kuchimba dawa!" na dereva anacheka anaegesha pembeni. Isipokuwa ndani ya hifadhi yenyewe, ambako barabara kuu inapita kama kilomita hamsini katikati ya twiga na tembo, na kushuka ovyo hakuna. Hapo tulibana. Kwa hiyo ukiwa mwenyeji kati ya wageni, weka mpaka wako siku ya kwanza, kwa upole. Siku ya kumi utauweka kwa hasira.

Tulipovuka Kasumulu kuingia Malawi, Kiswahili changu kikaniishia mdomoni. Karonga bado unampata wa kuelewana naye. Baada ya hapo ni Kitumbuka, kisha Kichewa, na mimi nikawa bubu kama wenzangu. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

Sasa barabara. Vipeperushi vina picha za Ngorongoro na Serengeti, lakini lori lenyewe halishuki kreta: mnahamia magari madogo ya porini, kisha mnarudi. Muda mwingi mtakuwa mmekaa. Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Tulitoka gizani tukafika gizani, na saa za mwisho zote zililiwa na foleni ya kuingia mjini. Mlima Kitonga, kabla ya Iringa, lori lilipanda nyuma ya semitrela moja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani. Siku kama hizo ndizo zinazoonyesha nani ni nani. Kuna aliyekalia kiti cha dirishani upande wa kivuli tangu Nairobi na hakutaka kuhama. Tulinung'unika siku nane nzima, wazee wazima sisi, mpaka kiongozi akaamuru viti vizunguke kila asubuhi. Ingesemwa Namanga, ingeisha Namanga.

Na zamu. Hakuna mtumishi kwenye safari hizi. Bei inakuwa nafuu kwa sababu nyinyi wenyewe mnakata vitunguu. Vyombo huoshwa kwenye mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuza, la dawa ya kuua vijidudu. Halafu haviruhusiwi kufutwa kwa kitambaa, maana kitambaa kimoja chenye uchafu kinaweza kuwaharisha watu wote. Mnavikausha kwa kuvipunga. Basi fikiria watu kumi na mmoja wamesimama duara giza la alfajiri, kila mmoja ana sahani mbili, wanapiga mbawa kama kuku waliotaka kuruka. Mlinzi wa kambi ya Iringa alisimama akatutazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni sala.

Mizigo sitakaa nayo sana. Begi laini, si sanduku la magurudumu, kwa sababu kabati ni finyu. Tochi ya kichwani. Ndala za bafuni. Sweta zito: ukingo wa Ngorongoro uko juu zaidi ya mita 2,000, na mwezi wa saba utalala na soksi mbili. Khanga doti moja ilinifanyia kazi ya taulo, pazia, shuka na mto. Nguo chafu usizifunge kwenye mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019.

Makaratasi ndiyo usiyafanyie mzaha. Kadi ya njano ikae pamoja na pasipoti, mkononi. Chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo kukimbilia sindano siku moja kabla ya safari hakukusaidii. Tulipokuwa tunatoka Malawi kuingia Zambia, kadi ya mwenzetu mmoja ilikuwa chini kabisa ya begi, na begi chini kabisa ya kabati. Tukashusha mahema yote juani. Dola ziwe noti mpya, safi, zikiwemo ndogo ndogo. Noti za zamani au zilizochanika zinakataliwa. Na usidanganywe na jina: Malawi wanatumia kwacha na Zambia wanatumia kwacha, ila ni hela mbili tofauti kabisa. Za Malawi zimalize Lilongwe. Mimi nilivuka nazo, na hadi leo ninazitumia kuwekea alama kwenye vitabu.

Ziwa lenyewe, sisi tunaliita Nyasa na wenyeji wetu wanaliita Malawi, na wageni walipoanza kuniuliza mpaka unapita wapi nilijifanya nimesinzia. Maji ni ya kuvutia, mchanga kama wa bahari. Lakini lina kichocho, hasa ufukweni penye majani na konokono. Nilioga, sikujizuia. Usifanye kama hujui, ndicho ninachosema: wiki kadhaa baada ya kurudi nenda hospitali, waambie uliogelea ziwani, upimwe. Dawa ipo na haina makuu. Za kinga ya malaria nilizimeza mimi pia, ingawa kuna waliodhani mtu wa pwani hahitaji.

Luangwa Kusini, hifadhi ya Zambia, kambi ilikuwa ukingoni mwa mto. Usiku viboko wanapanda kula majani, na unamsikia anang'oa nyasi hatua chache kutoka kichwani pako, krrp, krrp, halafu pumzi ndefu. Kanuni ni moja: hakuna chakula hemani, hasa matunda, kwa sababu tembo anayanusa. Kijana mmoja wa kundi letu aliona biskuti si chakula. Tuliporudi kutoka matembezi ya asubuhi, nyani walikuwa wamefungua hema lake upande ambao haukuwa na mlango.

Mwezi wa saba una ubaya wake: Serengeti ya kati tulikuta nyasi zimekauka na nyumbu wengi wameshaelekea kaskazini, Mto Mara. Anayewataka wakiwa wanazaa aende Januari au Februari, upande wa Ndutu. Lakini Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya Victoria pale Livingstone, ilikuwa bado na maji mengi. Ukienda Oktoba au Novemba, upande wa Zambia unaweza kukuta jiwe tupu. Tuliloa mpaka chupi kwa mvuke tu. Simu iache kwenye lori.

Jambo ambalo karibu kila mtu analisahau ni kurudi. Safari inaishia inapoishia, na wenzangu walikuwa na tiketi za ndege. Mimi nilipanda basi hadi Lusaka, kisha jingine la Dar. Panga hela ya siku hizo kabla hujaanza, maana Livingstone mfuko unakuwa mwepesi. Tulipovuka Nakonde kuingia Tunduma nilikuwa nimevimba miguu. Nikashuka, nikaagiza chipsi mayai na soda ya baridi, nikala polepole. Nilipomaliza nikasimama na sahani mkononi natafuta beseni, mpaka mwenye kibanda akaninyang'anya: "Dada, acha, mimi ndiye naosha."